Konzi ya Bi Mwanakombo

Habari hii si ya zamani, maana bei ya sukari ya siku hizo bado naikumbuka. Wala si ya mbali. Ilitokea katika nchi moja ambayo ningependa sana kuitaja jina, ila jina lenyewe lilikatwa na Wizara ili kuokoa wino, likakatwa tena ili kuokoa rangi ya vibao vya barabarani, na mpaka naondoka huko lilikuwa limebaki nukta. Wenyewe wanaiita "hapa". Wakichoka sana wanaiita "hapa hapa".

Wizara ninayoisema ni Wizara ya Kubana Matumizi. Ilikuwa na jengo la ghorofa kumi na tisa, kila ghorofa na viyoyozi vyake, na kila ghorofa ikibana kitu kimoja. Ya tatu ilibana chumvi. Ya nne, sabuni. Ya kumi na mbili ilikuwa ya viberiti, nayo ilikuwa na wakurugenzi wawili, mmoja wa njiti na mmoja wa kasha, na hawakuwa wakisemeshana. Juu kabisa alikaa Waziri, Mheshimiwa Shibe. Kila mwaka alikwenda na wasaidizi wake kwenye hoteli moja ya ufukweni kwa siku kumi na nne, kujadili jinsi wananchi watakavyopunguza chai. Walirudi wamenenepa, maskini, wote kwa ajili ya taifa.

Chini ya hayo yote, katika mtaa wa Mfereji, aliishi Bi Mwanakombo. Alikuwa mjane, mshona foronya, mwembamba, na mwenye mdomo. Simsengenyi, hata yeye mwenyewe alikuwa akisema kwamba mdomo wake ungekuwa mbuzi angekwisha kuuuza. Aliishi na bintiye Raya, ambaye wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitano. Mume wa Raya alikuwa kwenye machimbo ya chumvi huko kusini, na hakuruhusiwa kurudi nyumbani ila mara moja kwa mwaka, kwa sababu Wizara ilikuwa inabana nauli.

Kubana matumizi Bi Mwanakombo hakufundishwa na mtu wa ghorofa yoyote. Mafuta alinunua ya kupima, kijiko cha mchana na kijiko cha usiku. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi vipande sita, na kipande kikibaki chembamba kama ulimi alikibandika juu ya kipya. Kitunguu kimoja kiliunga mchuzi wa siku mbili. Majani ya chai yalichemshwa asubuhi, yakaanikwa dirishani, yakachemshwa tena jioni. Nyanya alizifuata saa ambayo muuzaji amekwisha kukunja gunia lake na anataka kwenda zake. Na makaa yakimaliza kuivisha maharage hayakuachwa yafe bure, yalitiwa kwenye pasi, foronya zikanyooshwa.

Halafu kulikuwa na konzi. Wanawake wa nchi hiyo wana desturi moja ambayo hawaizungumzi. Mchele ukishapimwa na kupetwa, kabla haujaoshwa, mwanamke huingiza mkono, huchota mchele wa kujaa ngumi moja, na huutia kwenye kopo lililofichwa. Hiyo ndiyo konzi. Mume haoni, watoto hawajui, sufuria yenyewe haina habari. Na konzi ya mama mwenye binti mjamzito ina kazi yake maalumu. Binti akijifungua hulelewa na mamaye siku arobaini, na katika siku hizo hali kiporo wala hangoji zamu. Anakula wali wa moto, mchuzi wa pilipili manga, uji mchana na uji jioni, mpaka damu yake irudi.

Damu ya Raya ilikuwa na safari ndefu ya kurudi. Mganga wa kliniki alimfunua ukope, akautazama, akaguna. Kisha akamvuta Bi Mwanakombo pembeni. "Mama, kuzaa atazaa," akamwambia. "Lakini asipokula baada ya hapo, huyu hasimami."

Tangu siku ile Bi Mwanakombo hakukosa konzi hata mara moja. Debe lake lilikuwa debe la biskuti lenye picha ya waridi, limesukumwa chini ya kitanda nyuma ya cherehani mbovu. Kila siku alilitikisa kidogo asikie uzito wake, na kila siku roho yake ilitua.

*

Ikawa Mheshimiwa Shibe akaja Mfereji kutoa elimu. Alikuja na magari kumi na moja, na la kumi na moja lilibeba akiba ya petroli ya yale kumi. Wananchi walisimamishwa juani, kwa kuwa kivuli kilikuwa kimetengwa kwa magari.

"Ndugu wananchi!" akaanza Mheshimiwa. "Tatizo lenu si njaa. Tatizo lenu ni matumizi mabaya ya njaa!"

Watu wakapiga makofi. Kulikuwa na mtu wa kuhesabu wasiopiga.

"Nimekuja na mashauri matatu, yaliyofanyiwa utafiti nje ya nchi. La kwanza: msiende dukani mkiwa na njaa! Utafiti umethibitisha kwamba mtu mwenye njaa akifika dukani, hununua chakula. Kuleni kwanza, mshibe, ndipo mwende dukani."

"Tule nini, na dukani hatujafika?" akanong'ona Bi Time, jirani wa Bi Mwanakombo, mke wa fundi baiskeli.

"La pili: nunueni kwa jumla! Anunuaye kibaba anaibiwa. Anunuaye gunia anapona. Kwa nini mnapenda kuibiwa, ndugu zangu? La tatu: andikeni orodha kabla ya kwenda sokoni, na msinunue kisichoandikwa. Mimi mke wangu ana orodha ya kurasa tisa, na sijawahi kumwona akivuka ukurasa wa tisa."

Hapo ndipo mdomo wa Bi Mwanakombo ulipomponyoka. Alikuwa amesimama juani tangu asubuhi, kanga imemganda mgongoni, na alikuwa ameacha maharage jikoni. Akainua mkono, na hakungoja kuruhusiwa.

"Mheshimiwa, samahani. Unatufundisha kubana, sisi? Kubana tulikuwa nako kabla mama yako hajakubeba mgongoni. Mimi kila nikipika natoa konzi moja ya mchele, naweka, na nyumbani kwangu hajafa mtu. Wewe tangu uanze kula, umeweka nini?"

Loo! Watu waliinama kuficha vicheko. Bi Time aliziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Askari akapiga hatua mbele. Lakini Mheshimiwa hakukasirika hata kidogo. Alitabasamu, akamwinamia katibu wake, na wale wa mbele wakamsikia akiuliza polepole, "Amesema hajafa mtu?"

"Ndivyo, Mheshimiwa. Hajafa mtu."

"Mama yule apewe kiti," akasema Waziri. "Kivulini."

Bi Mwanakombo akakaa kivulini kati ya magari mawili, akashushiwa soda baridi, na akajiona ameshinda. Alirudi nyumbani anatembea kifua mbele. Raya alipoulizia maneno yaliyosemwa, mamaye alimsimulia mara tatu, na kila mara jibu lake lilikuwa limeongezeka ukali.

*

Siku ya tatu, hodi. Akaingia kijana nadhifu mwenye tai na mkoba, nyuma yake wapagazi wawili na ndoo ya plasta, ile nyeupe wanayofungia waliovunjika miguu.

"Shikamoo, mama. Mimi Bwana Mdoe, Afisa Kubana wa kata. Taifa limekuja kukushukuru."

"Marahaba. Taifa likae kwenye mkeka, kiti kina mguu mbovu."

Bwana Mdoe hakukaa. Alieleza kwamba Baraza la Mawaziri limekutana kwa dharura, na konzi ya Bi Mwanakombo imepitishwa kuwa kipimo rasmi cha nchi. Kuanzia hapo itaitwa Konzi ya Taifa. Kilichohitajika ni umbo la ngumi yake, liwekwe kwenye kumbukumbu.

Akamshika mkono, akamjaza mchele, akautumbukiza kwenye plasta. "Fumba, mama. Usikaze sana, wananchi wasije wakapunjika. Na usilegeze sana, wakaja wakazoea. Hapo hapo! Tulia."

Akatulia robo saa, mkono ndoani, kama mtu aliyekamatwa akiiba unga. Plasta ilipokauka wakaichana kwa msumeno mdogo, wakaifunga pamba, wakaibeba kwa uangalifu zaidi kuliko watu wanavyobeba wagonjwa wa nchi hiyo. Kisha Bwana Mdoe akamvisha nishani. Ilikuwa ya bati, imekatwa kutoka kwenye mfuniko wa kopo la maziwa, na nyuma yake bado palisomeka "hifadhi mahali pakavu".

"Sasa, mama, na lile debe."

"Debe gani?"

"La konzi. Ni kielelezo."

Bi Mwanakombo akasimama mbele ya kitanda. "Hapana, bwana. Konzi chukueni, mkono chukueni, hata hiyo bati yenu chukueni. Kile ni chakula cha mwanangu akijifungua. Huyu hana damu. Muulizeni mganga."

"Nani amesema tunalichukua? Taifa linaazima tu. Atajifungua lini?"

"Bado miezi minne."

Bwana Mdoe akacheka kwa upole. "Miezi minne! Mama yangu, ni serikali gani hiyo itakayokaa na kitu cha mtu miezi minne?"

Wapagazi wakasogeza cherehani. Debe likatolewa, likafungwa kamba, likapigwa lakiri nyekundu juu ya waridi. Akapewa stakabadhi: Debe moja, waridi moja, mchele kiasi. Akatia sahihi kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa bado mweupe kwa plasta. Raya alikuwa amesimama mlangoni, mkono tumboni. Alimwangalia mama yake tu, na Bi Mwanakombo akageuka akajifanya anatafuta sindano.

*

Redio ilitangaza sheria mwezi uliofuata, baada ya taarabu na kabla ya vifo.

Kifungu cha kwanza: kila nyumba, kila ipikapo, itatoa konzi moja kwa taifa. Kifungu cha pili: maduka yote yamekatazwa kuuza mchele kwa kibaba, ili wananchi wasiibiwe. Anayetaka kununua anunue gunia, maana Waziri alikwisha kueleza kuwa ni nafuu. Na asiyeweza gunia? Serikali haijawahi kumtupa mtu. Huyo ataandikishwa Duka la Mgao, atauziwa vibaba vitatu kwa siku kwa nyumba, vikipimwa kwa Konzi ya Taifa, kwa hisani.

Mfereji nzima ikaandikishwa Duka la Mgao.

Wakaajiriwa Wakaguzi wa Sufuria. Walipita nyumba hadi nyumba wakati wa mapishi, wakiwa na mfuko na mkono wa mti. Mkono huo ulikuwa wa mvule, umechongwa vizuri na kupigwa msasa, na ndio uliotumika kuchotea konzi ya taifa. Siku ya kwanza Bi Mwanakombo aliutazama, akautazama ulivyozama mpaka kwenye kifundo na kuibuka na nusu ya mchele wake.

"Huu si mkono wangu," akasema. "Wangu ulipimwa, na plasta ilinichoma. Huu wa nani?"

"Wa Mheshimiwa Waziri," akajibu mkaguzi, tena kwa heshima. "Wako ni wa kutolea mgao. Huu ni wa kukusanyia. Serikali ina mkono mpana, mama, hukusikia?"

Mwezi wa pili yakatokea maendeleo. Wataalamu wa ghorofa ya saba waliketi, wakakokotoa, wakagundua jambo: ikiwa kila nyumba inaweza kutoa konzi na hajafa mtu, basi konzi hiyo ilikuwa ziada tangu mwanzo. Mgao ukapunguzwa konzi moja. Wananchi wakaendelea kutoa konzi, kwa kuwa sheria ni sheria. Wataalamu wakaketi tena, wakaona bado inatolewa, wakatambua kuwa kumbe bado kuna ziada. Mgao ukapunguzwa tena. Kila wiki waliketi, na kila walipoketi walilipwa posho ya kikao.

Nyumbani, Bi Mwanakombo alipika wali unaohesabika. Alimpakulia Raya, naye akajipakulia ukoko na kusema ameupenda tangu utotoni. Kisha ukoko nao ukaingizwa kwenye sheria, ukaitwa mabaki yenye thamani, ukawa unakwanguliwa na mkaguzi. Ikawa hana tena cha kupenda.

Lakini lililomuuma zaidi lilikuwa mtaa. Watu hawakumtukana. Walinyamaza tu. Akipita kwenye foleni ya Duka la Mgao, wanawake walitazama juu ya kichwa chake, kwenye ile picha ya ngumi yake iliyobandikwa ukutani na maneno makubwa chini yake: HAJAFA MTU.

Siku moja alimshika Bi Time mkono. "Time, hata salamu?"

Bi Time aliutoa mkono wake taratibu. "Bibi yangu aliweka konzi. Mama yangu aliweka konzi. Vita vimepita, njaa imepita, wakoloni wamepita, na hakuna mwanaume aliyewahi kujua. Wewe umekwenda kumwambia Waziri."

"Nilitaka kumtia adabu."

"Ameshika adabu kweli. Jana watoto wangu wamelala na uji wa chumvi." Akajitwika kikapu chake akaenda, na Bi Mwanakombo akabaki pale kwenye foleni, uso unawaka moto, akitamani angekuwa bubu tangu kuzaliwa.

*

Raya alipofikisha miezi minane na kuanza kuvimba miguu, Bi Mwanakombo akavaa nishani yake, akachukua stakabadhi, akaenda Wizarani kudai debe.

Getini aliambiwa lifti ya wananchi ni ya kushuka tu, kwani kupanda kunakula umeme. Akapanda kwa miguu. Ghorofa ya chumvi walimtuma ya sabuni. Ya sabuni wakamtuma ya viberiti, na huko mkurugenzi wa njiti alimwonea huruma, ila fomu ilihitaji muhuri wa mkurugenzi wa kasha. Alifika ghorofa ya kumi na nane akijishikiza ukutani. Hapo akaliona.

Lilikuwa ndani ya sanduku la kioo, limeangaziwa taa tatu, limezungushiwa kamba nyekundu ya hariri. Waridi lilikuwa limepakwa rangi upya. Pembeni alikaa mlinzi mzee, anasinzia.

"Baba," akasema Bi Mwanakombo, "hilo ni langu. Stakabadhi hii hapa."

Mlinzi akaisoma pande zote mbili. Alikuwa mtu mwema, nadhani, maana hakumjibu upesi. "Debe unaweza kuliombea kibali, mama. Inachukua miaka mitatu hivi."

"Debe bakini nalo. Nipe mchele uliomo."

"Mchele haumo."

"Umekwenda wapi?"

"Debe lilizinduliwa, mama. Kulikuwa na hafla. Mchele ulipikiwa meza kuu, pilau. Mheshimiwa alihutubia juu ya kubana matumizi, wengine walilia." Akashusha sauti. "Mle ndani wametia mchanga, uzito usipungue."

Bi Mwanakombo akalitazama debe. Akahesabu kimoyomoyo, si pesa, siku tu: asubuhi zile zote alizoingiza mkono kwenye ungo na kuutoa, na Raya amelala chumba cha pili. Akataka kupiga kelele. Akataka kuvunja kile kioo kwa ile ngumi yao ya taifa. Mwisho alisema tu, "Pilau lilikuwa zuri?"

"Mimi nilipata harufu," akajibu mlinzi.

Akashuka kwa lifti. Hiyo ilikuwa bure.

*

Raya alijifungua mtoto wa kike, mdogo lakini mwenye sauti. Yeye mwenyewe alikuwa mweupe midomo. Mganga alimfunua ukope tena, na safari hii hakuguna. Alifunga mkoba wake, akasema, "Ale, mama. Mimi dawa nyingine sina."

Ale nini? Mgao wa nyumba ulikuwa umebaki kibaba kasoro. Siku ya kwanza Bi Mwanakombo alimkorogea uji mwepesi, na yeye akanywa maji yaliyosuuzia sufuria. Siku ya pili aliuza ile cherehani nzima aliyokuwa akishonea foronya, akanunua kuku mmoja na pilipili manga. Mchele hakupata, gunia halinunuliki kwa cherehani. Siku ya tatu Raya alijaribu kusimama aende msalani, miguu ikakataa.

Siku ya nne mlango ukagongwa polepole. Alikuwa Bi Time. Aliingia, akapiga goti kando ya kitanda kama anayemtazama mtoto, akafungua pindo la kanga yake. Ndani mlikuwa na mchele. Konzi moja, ya mkono wa mwanamke.

"Nimeutoa kabla mkaguzi hajafika," akanong'ona. "Wewe bado sijakusamehe. Huu ni wa Raya."

Bi Mwanakombo akaupokea kwa mikono miwili. Machozi yalimshuka wima.

Nyuma ya Bi Time walikuja wengine. Mmoja asubuhi, wawili mchana, na kila mmoja alikuja kumwona mtoto, akasema masha Allah, akafungua pindo. Hakuna aliyeuliza habari za mwenziwe. Mchele wote ulitiwa kwenye foronya, foronya ikalazwa chini ya godoro la mtoto. Siku ya nane Raya alikaa kitako. Siku ya tisa alidai pilipili. Mama yake alicheka kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya soda.

Siku ya kumi, hodi. Bwana Mdoe, tai mpya, na ndoo ya plasta.

"Hongera sana, mama! Wizara imefurahi. Tumesikia mtoto ni mdogo?"

"Ni mdogo."

"Na mkono wake?"

Bi Mwanakombo hakuelewa. Bwana Mdoe akafafanua kwa furaha kwamba konzi ya kutolea mgao imeonekana ni kubwa mno kwa hali ya sasa, na kwamba Wizara ilikuwa inatafuta mkono wenye historia. Ungekuwa mkono gani, kama si wa mjukuu wa shujaa? Akaanza kukoroga plasta. Akamwendea mtoto, akainama juu ya godoro. Mtoto alikuwa amefumba ngumi zote mbili, amelala fofofo juu ya mchele wa mtaa mzima.

"Nimnyanyue?" akauliza Bwana Mdoe.

"Usimnyanyue!" Sauti ilimtoka kali mno. Akaishusha. "Anaumwa tumbo."

Bwana Mdoe akanyooka. Alinusa. Akatazama sufuria, iliyokuwa safi na imepinduliwa. Akamtazama Raya, aliyekuwa na rangi midomoni. "Mzazi anaendelea vizuri," akasema taratibu. "Anakula nini?"

Raya alimtazama mama yake. Dirishani palikuwa na Bi Time, amejibanza, na nyuma yake wengine wawili. Bi Mwanakombo akaliona kosa lake lote la zamani limesimama mbele yake linamsubiri afungue mdomo. Safari hii, akasema moyoni, sitajisifu. Safari hii nitasema neno dogo kuliko yote.

"Hatuli," akasema.

"Hamli... kidogo?"

"Hatuli kitu, bwana. Mgao tunauchukua kwa heshima tu."

Bwana Mdoe aliacha kukoroga. Kwanza alipauka, kisha macho yake yakajaa machozi, tena ya kweli, akakaa kwenye kile kiti kibovu bila kujali. Akatoa daftari. Akamwomba arudie, akaandika, akamsomea: hatuli kitu. Akauliza tangu lini. Tangu azae, akajibiwa. Akamtazama mtoto, akamtazama mzazi, akanong'ona kama mtu anayesali, "Na hajafa mtu."

Akaimwaga plasta mferejini. Alisema hakuna haja tena ya kumpima mtoto. Aliondoka mbio, mkoba unampiga kiunoni, na wanawake wa dirishani wakashusha pumzi, wakaingia ndani wakikumbatiana. Bi Time alimpiga Bi Mwanakombo begani. "Leo umejua kusema," akamwambia. "Leo nimekusamehe."

Asubuhi iliyofuata walikwenda pamoja Duka la Mgao, wameshikana mikono, wanaongea njia nzima. Walikuta watu wamesimama nje. Mlango ulikuwa umepigwa mbao mbili, msalaba. Ile picha ya ngumi ilikuwa imebanduliwa, na mahali pake palikuwa na nyingine, kiganja cha Bi Mwanakombo kimechorwa kimefunguliwa, kitupu. Chini yake palikuwa na tangazo fupi, lenye wino mchache. Duka limefungwa kwa mafanikio.

Hakuna aliyemlaumu. Afadhali wangemlaumu. Bi Time aliuachia mkono wake, si kwa hasira, ila kwa kuwa alihitaji yake yote miwili kujishika kichwa.

Bi Mwanakombo akarudi nyumbani. Akavuta foronya kutoka chini ya mtoto, akamimina kwenye ungo mchele uliobaki. Akaupeta, akauchagua mawe. Na kabla hajauosha, mkono wake wa kulia uliingia wenyewe, ukafumba, ukatoka na konzi, kama ulivyofanya siku zote. Akaitazama. Hapakuwa na debe la kuitilia. Akaufungua mkono, akairudisha konzi kwenye ungo, akauosha mchele wote, akaupika wote.

Raya alikula akashiba. Alisema wali wa leo ni mwingi, mama, kuna nini? Mama yake akamwambia ale asiongee.

Hiyo ilikuwa siku ya kumi na moja. Zilibaki ishirini na tisa.